Ugonjwa wa kupooza: Jina lisilosema kweli yote

Kiswahili kina njia zake za kuyapa maradhi majina. Dondakoo limeitwa hivyo kwa sababu ya mahali linapokaa. Kifua kikuu kwa kiungo kinachoteseka. Kichaa cha mbwa kwa mnyama anayekileta na kwa hali inayompata aliyeumwa. Polio nayo tumeiita ugonjwa wa kupooza, na jina hilo limekaririwa zahanatini, redioni na katika vitabu vya sayansi kwa miongo mingi hata likawa ndilo ufafanuzi wa ugonjwa wenyewe. Mwulize mwanafunzi yeyote polio ni nini, naye atakujibu pasi na kusita kwamba ni ugonjwa unaopooza miguu ya watoto. Katika mtihani atapewa alama zote. Mimi ningempa nusu, tena shingo upande.

Ninasema hivyo kwa sababu jina hilo limeshika sehemu ya katikati tu ya kisa kirefu. Mwanzo wa polio hauonekani kwa macho, na mwisho wake huja baada ya miaka thelathini au arubaini, wakati ambapo hata mgonjwa mwenyewe amekwisha kuusahau ugonjwa. Kati ya ncha hizo mbili tumebaki na picha moja: mtoto, mguu mwembamba, na gongo. Picha hiyo ni ya kweli. Lakini yale yaliyoachwa nje ya picha ndiyo yanayotugharimu leo, nayo hayana jina katika lugha yetu.

Tuanze na neno lenyewe, maadamu maneno ndiyo yanayonipatia unga. Mkulima asemapo kwamba matunda yake ni mapooza, ana maana yamenyauka au kuanguka kabla ya kukomaa. Kupooza ni kufifia kwa kilichokuwa na uhai. Neno hilo hilo tunalitumia kwa mzee aliyepatwa na kiharusi, na kwa abiria aliyevunjika mgongo katika ajali ya matatu. Kwa hivyo 'ugonjwa wa kupooza' hautaji ugonjwa. Unataja tokeo ambalo maradhi na mikasa mingi huweza kulileta. Jina la kitaalamu, ambalo 'polio' ni kifupi chake, liliundwa kwa maneno ya Kigiriki: polios, yaani rangi ya kijivu, na myelos, yaani uboho, kisha likaongezwa kiambishi tamati cha kuonyesha uvimbe. Ni uvimbe wa sehemu ya kijivu ya ule uboho ulio ndani ya uti wa mgongo. Walioliunda walitaja mahali, si tokeo. Na kwa kejeli za lugha, sisi tulipotaka kuutaja uti wa mgongo katika jina la maradhi, tuliuzawadia ugonjwa mwingine kabisa, homa ya uti wa mgongo, ambao hasa hushambulia utando unaofunika ubongo na uboho huo. Sidai kwamba majina haya yafutwe. Lugha haifutwi kwa amri ya mhadhiri. Ninachodai ni kwamba anayelitumia jina ajue lilipokomea.

Je, mwanzo wa kisa ni upi? Virusi vya polio huingia mwilini kwa kinywa. Hutoka katika kinyesi cha aliyeambukizwa, vikasafiri kwa mikono isiyooshwa, kwa maji na kwa chakula, na katika siku za mwanzo huweza pia kutoka kooni. Vikishaingia, huzaana kooni na matumboni. Aliye navyo huvitoa chooni kwa wiki kadhaa, aghalabu kati ya 3 na 6, na katika muda huo wote anacheza, anakula na kwenda shule kama kawaida. Zaidi ya theluthi mbili ya wanaoambukizwa hawaoni dalili hata moja. Takriban robo hupatwa na homa ndogo, maumivu ya koo, kichefuchefu au kuumwa na kichwa, mambo ambayo mama yeyote atayaita mafua au malaria, nayo huisha baada ya siku chache. Wachache hukakamaa shingo na mgongo, kisha wakapona. Anayepooza ni mmoja tu kati ya watu wapatao 200 walioambukizwa, na hiyo ni kwa aina ya kwanza ya virusi hivi, iliyo kali kuliko zote. Kwa aina ya pili kupooza ni nadra zaidi ya hapo.

Hebu mwalimu aitafakari hesabu hiyo akiwa amesimama mbele ya gwaride la asubuhi. Kama shule yake ina wanafunzi 200, na mmoja wao ameamka mguu wake ukiwa umelegea kama kamba iliyolowa, basi kwa makadirio ni kana kwamba shule nzima imekwisha kupitiwa. Mtoto huyo siye wa kwanza kuambukizwa. Huenda akawa miongoni mwa wa mwisho. Tunapomwona tunasema ugonjwa umeingia kijijini, ilhali ulikwisha kuingia, ukaketi, ukala na wenyeji, na pengine umeshafunga safari kwenda kijiji cha pili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; hiki hakimo nguoni tu, kimo tumboni mwa mtoto mwenye afya anayekuchekea.

Hata wataalamu waliwahi kupotoshwa na kule kuutafuta ugonjwa palipo na kishindo tu. Milipuko mikubwa ya polio ilianza kushuhudiwa katika nchi za kaskazini mwa Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1916 Marekani ilikuwa na wagonjwa wapatao 27,000, na zaidi ya 6,000 wakafa. Sababu ya milipuko hiyo inashangaza: ilikuwa usafi. Mahali ambapo maji na vyoo ni duni, kila mtoto hukutana na virusi akiwa bado mchanga, wakati kinga aliyorithi kwa mamaye ingali damuni mwake. Usafi ulipozidi, watoto walianza kukutana navyo wakiwa wakubwa na kinga hiyo imekwisha kuondoka. Basi ikadhaniwa na wengi huko ng'ambo kwamba polio si tatizo kubwa katika nchi za joto, kwa kuwa watoto wake hujikinga mapema. Katika miaka ya 1970 watoto wa shule nchini Ghana walichunguzwa ili ijulikane ni wangapi wanaochechemea. Idadi iliyopatikana ilionyesha kwamba polio ilikuwa ikiwalemaza watoto huko kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha Marekani katika enzi ya milipuko yake, kabla ya chanjo. Watoto hao hawakuwa wamefichwa. Walikuwa wakipita barabarani kila siku.

Hapa Kenya wazazi hawakuhitaji utafiti wa kuwaambia hilo. Shirika la kuwasaidia watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, lilianzishwa mwaka 1958, na shule ya Joytown ya Jeshi la Wokovu mjini Thika ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika enzi ambapo polio ilikuwa ikiwaangusha watoto kwa wingi. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1980. Kisa cha mwisho cha polio ya humu humu nchini kilikuwa cha 1984. Kwa miaka 22 tukapumua. Kisha mwaka 2006 ugonjwa ukaonekana Garissa, ukitokea Somalia. Mwaka 2009 Turkana. Mwaka 2011 sehemu za Migori. Na mwaka 2013 Garissa tena, ambapo watu 14 walipooza. Ukiizidisha idadi hiyo kwa 200, utapata watu 2,800 ambao gazeti hili wala gazeti lolote lisingeweza kuwaandika, kwa sababu wao wenyewe hawakujua kwamba walikuwa na cha kuandikiwa.

Tangu mwaka huo wa 2013 virusi vya asili vya polio havijapatikana Kenya, na mnamo Agosti 2020 bara zima la Afrika lilitangazwa kuwa huru navyo, ingawa mgonjwa mmoja wa Malawi na wengine wa Msumbiji walipatwa baadaye na virusi vilivyotoka Pakistan. Hadi ninapoandika, nchi ambazo virusi hivyo havijawahi kukatika ni mbili, Pakistan na Afghanistan. Lakini mwezi wa Machi 2018 sampuli ya maji taka kutoka Eastleigh, jijini Nairobi, ilipatikana na virusi vya aina ya pili vilivyofanana na vile vilivyokuwa vikizunguka Mogadishu. Hakuna mtoto hata mmoja wa mtaa huo aliyekuwa amepooza. Wapo walioishangaa serikali kwa kuwatuma wachanjaji nyumba kwa nyumba ilhali hakuna mgonjwa. 'Mgonjwa yuko wapi?' waliuliza. Swali hilo ni zao la jina. Kama ugonjwa ni kupooza, na hakuna aliyepooza, basi ugonjwa haupo. Mfereji wa maji taka ulikuwa unajua zaidi.

Hapa inafaa nisiwafiche wasomaji jambo ambalo baadhi ya maafisa hulizungukazunguka. Virusi vya Eastleigh vilikuwa na asili yake katika chanjo. Matone tunayowatia watoto mdomoni yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Vikiwa matumboni huifunza kinga kazi yake, halafu hutoka chooni. Katika jamii iliyochanjwa vyema safari yao hukomea hapo. Katika jamii yenye watoto wengi wasiochanjwa, virusi hivyo hupita kutoka tumbo hadi tumbo kwa miezi mingi, vikibadilika kidogo kidogo, hata vikarejelewa na ukali wao wa awali. Aina ya pili iliondolewa katika matone ya kawaida mnamo Aprili 2016, na watoto waliozaliwa baadaye wakakosa kinga ya matumbo dhidi yake, ndiyo maana ikapata mwanya. Tangu 2021 yanatumika matone mapya dhidi ya aina hiyo, yaliyoundwa ili virusi vyake visibadilike kwa urahisi. Kuna pia chanjo ya sindano, yenye virusi vilivyouawa, ambayo haiwezi kamwe kuleta hali hiyo. Sindano humkinga mtoto asipooze, ila haizuii vya kutosha virusi kukaa matumboni mwake. Mwaka 2022 maji taka ya London yalipatikana na virusi vya polio, na katika jimbo la New York mtu mmoja ambaye hakuwa amechanjwa akapooza, katika nchi ambazo sindano ndiyo chanjo pekee inayotumika.

Naamini kwamba mzazi akielezwa hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka, atafikia uamuzi wenyewe bila kusukumwa: hatari ya virusi vilivyotokana na chanjo hukua pale ambapo watoto hawakuchanjwa. Akifichwa, atasikia nusu ya habari hiyo kwa jirani, na nusu hiyo itamfanya afunge mlango wachanjaji wapitapo.

Lipo jambo jingine ambalo kwalo wazazi wetu wamedharauliwa pasipo haki. Mara nyingi utamsikia mama akisema mtoto wake hakuwa na tatizo, alikuwa na homa tu, akapelekwa zahanati, akadungwa sindano, na kesho yake mguu ule uliodungwa haukuinuka. Wasomi huguna na kuiita hiyo imani potofu. La hasha. Tangu miaka ya 1950 madaktari wanajua kwamba mtu ambaye tayari ana virusi vya polio mwilini, akidungwa sindano ya msuli, hatari ya kiungo hicho kupooza huongezeka. Kazi nzito au michezo ya kutoa jasho wakati ugonjwa unapoanza huweza pia kuuzidisha. Mama huyo aliona sawasawa. Asichokiona, na ambacho hakuna jicho lingeweza kukiona, ni kwamba ile homa ndiyo iliyokuwa polio, na kwamba sindano haikuvileta virusi bali ilivikuta vimekwisha kufika.

Sasa tumfuate yule mmoja kati ya 200. Virusi vimetoka matumboni, vikaingia damuni, vikafika kwenye uboho wa uti wa mgongo, mara nyingi siku 7 hadi 21 tangu vilipoingia kinywani. Humo zimo seli za neva ambazo kazi yake ni kuitumia misuli amri ya kusogea. Kila seli moja ina misuli yake inayoiamuru, au kwa usahihi zaidi nyuzi kadhaa za msuli, kama kiranja na kikundi chake. Virusi huziua seli hizo. Nyuzi zilizoachwa mayatima haziambiwi tena jambo lolote, nazo hulegea na kukonda. Hisi hubakia kamili: mtoto huyahisi maumivu, baridi, kuguswa na mama yake, ila hawezi kuuondoa mguu. Ndiyo sababu nasema neno mapooza halimfai. Tunda pooza halihisi. Aghalabu upande mmoja huathirika kuliko mwingine, na miguu kuliko mikono. Kati ya waliopooza, 5 hadi 10 katika kila 100 hufa kwa kuwa misuli ya kupumua nayo imekoma.

Kisha hutokea jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita kimya, nalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Seli zilizosalimika huchipuza. Hutoa matawi mapya kuelekea kwenye zile nyuzi za misuli zilizofiwa, zikazilea. Seli iliyokuwa na kikundi kimoja hujikuta ina vikundi vitano, sita au zaidi. Nguvu huanza kurudi, hasa katika miezi sita ya kwanza, na huweza kuendelea hadi mwaka wa pili. Mtoto aliyekuwa akitambaa anasimama kwa ukuta; aliyesimama anatembea kwa vyuma vya miguu; mwenye bahati huvivua vyuma akafika sekondari akicheza mpira langoni. Watu husema amepona. Usione vyaelea, vimeundwa: kila hatua ya mtoto huyo inabebwa na seli chache zinazofanya kazi ya nyingi, na zitafanya hivyo usiku na mchana kwa umri wake wote.

Zikichoka je? Swali hili si geni. Kule Ufaransa, mwaka 1875, madaktari walieleza habari za mtu aliyepooza utotoni ambaye alianza kupoteza nguvu upya akiwa mtu mzima. Jambo hilo likasahaulika kwa takriban karne nzima, hadi wale waliopata polio katika milipuko ya miaka ya 1940 na 1950 huko Marekani na Ulaya walipofikia umri wa makamo na kuanza kurudi hospitalini kwa wingi. Sasa inajulikana kwamba kati ya robo na mbili kwa tano ya waliopona polio, yaani 25 hadi 40 katika kila 100, hupatwa na hali hiyo, kwa kawaida miaka 15 hadi 40 tangu siku walipougua. Misuli hudhoofika upya, pamoja na ile iliyodhaniwa kuwa mizima. Uchovu huwaangukia saa nane mchana kama gunia la mahindi. Viungo huuma, baridi huwatesa, wengine hupata shida ya kumeza au ya kupumua wakiwa usingizini. Sababu kubwa inayoaminiwa na wataalamu ni kwamba yale matawi ya ziada hushindwa kuendelea kulishwa na seli zilizochakaa kwa kazi ya kupita kiasi, yakaanza kukatika moja baada ya moja. Virusi havijarudi, na mtu huyo hawezi kumwambukiza yeyote.

Mwalimu aliyenifunza ushairi nikiwa sekondari alikuwa na mguu wa kushoto uliodhoofishwa na polio tangu utotoni. Hatukuwahi kumhurumia, kwa sababu hakutupa nafasi. Alipanda ngazi za bweni akituacha nyuma, na aliyechelewa alijua cha kumpata. Nilipomtembelea alipokaribia miaka hamsini na mitano nilimkuta akitembea kwa kushikilia viti. 'Mwanangu,' aliniambia, 'huu wa kushoto nimekaa nao maisha yangu yote, najua hila zake. Unaoniangusha sasa ni huu wa kulia, ule mzima.' Katika hospitali moja aliambiwa ni uzee. Katika nyingine aliambiwa misuli imelegea kwa kukaa sana, akaamriwa atembee kilomita mbili kila asubuhi. Mwalimu ni mtu wa kutii amri, akatembea. Baada ya miezi mitatu hakuweza tena kusimama ubaoni kwa kipindi kizima. Shuleni kwake, ambako chumba cha walimu kiko ghorofani, ilianza kunong'onwa kwamba mzee amekuwa mvivu. Aliomba kustaafu mapema. Neno lililoandikwa katika fomu yake lilikuwa 'udhaifu'.

Mguu ule wa kulia haukuwa mzima hata siku moja. Msuli waweza kupoteza nusu ya seli zinazouamuru na bado usionyeshe udhaifu wowote machoni pa mtu. Polio ilimpitia miguu yote miwili; ikaonekana mmoja. Na ile amri ya kutembea kilomita mbili, iliyotolewa kwa nia njema, ndiyo hasa asiyopaswa kupewa mtu wa hali yake. Mazoezi yanayofaa yapo, ila ni mepesi, ya vipindi vifupi, yenye mapumziko, na hukomeshwa kabla ya uchovu kuingia, si baada yake. Kurudia gongo lililotupwa zamani, au kutumia kiti cha magurudumu kwa masafa marefu, si kushindwa. Anayehitaji upasuaji amweleze daktari mapema kwamba aliwahi kuugua polio, kwa kuwa dawa za usingizi na upumuaji wake huhitaji uangalifu wa pekee.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Ikiwa kisa cha mwisho cha polio ya humu nchini kilikuwa cha 1984, basi karibu kila Mkenya aliyepooza utotoni kwa ugonjwa huu amekwisha kupita miaka arubaini, na wale wa miaka ya 1960 na 1970 wamo katika hamsini na sitini zao. Kizazi kizima kimeingia katika umri wa sehemu ya pili ya polio wakati ule ule ambapo nchi inahesabu polio kuwa historia. Wengi wao walisoma kwa shida isiyosimulika na wakaajiriwa, idadi kubwa katika ualimu, kazi ambayo humtaka mtu asimame. Tumeacha kuwaita viwete na viguru, na tumefanya vyema. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Lakini nahofia kwamba kuwabadilishia ngeli kumetuwia rahisi mno. Tumewatoa katika KI-VI tukawatia katika A-WA, kisha tukadhani kazi imekwisha.

Hali hii ya baadaye inataka jina, kwani asiye na jina la kinachomsumbua hupewa jina na wengine, na yale wanayopewa hawa tumeyasikia: uzee, uvivu, udhaifu. Nimesikia baadhi ya watu wakisema 'polio ya marejeo'. Nalipinga kwa nguvu zangu zote, maana litamfanya jirani aogope kumpa mkono mtu asiyeweza kumwambukiza chochote. 'Athari za baadaye za polio' ni sahihi, lakini ni maelezo zaidi ya kuwa jina, na halitatamkwa na muuguzi mwenye foleni ndefu. Mimi napendekeza 'mchoko wa polio'. Mchoko ni neno letu, linataja kilichotokea, yaani kuchoka kwa seli zilizobeba kisichobebeka, na halimlaumu mgonjwa. Aliye na neno bora alilete, nami nitaliacha langu bila kinyongo. Litakalochaguliwa liingizwe katika mafunzo ya wauguzi na katika fomu za kustaafu kwa sababu za kiafya, tena upesi, kwa sababu wanaolihitaji wanastaafu mwaka hadi mwaka.

Kwa walimu wa sayansi ninalo ombi la ziada. Mnapofundisha polio, anzeni na wale 199. Na iwapo mwanafunzi yeyote wa chini ya miaka 15 atalegea mkono au mguu ghafla, hata kama mnadhani ni ajali ya mpira, arifuni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Zinahitajika sampuli mbili za choo chake, zilizopishana kwa muda usiopungua saa 24 na kuchukuliwa kabla ya siku 14 kupita tangu alipolegea, nazo hupelekwa katika maabara ya KEMRI, Nairobi. Siku zikipita, virusi hupungua chooni na ushahidi hupotea.

Ama walimu wakuu, nao hawahitaji kusubiri neno jipya wala waraka wa wizara. Kama yuko katika shule yako mwalimu aliyepata polio utotoni, usingoje akuombe, kwa kuwa hakuzoea kuomba. Mhamishie darasa lake chini kutoka ghorofani, mwekee kiti karibu na ubao, na vipindi vyake vizito uvipange asubuhi.